Ya Saba Inasema Msirudi Ndani

Wifi yangu nampenda. Nalisema mapema ili nisieleweke vibaya, maana yote yanayofuata ni ya kumlalamikia, na bado sijamaliza kulalamika.

Kiwandani wanamwita Kiranja. Ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka tisa, sasa ana hamsini na sita. Miaka ishirini na miwili amesimama mbele ya msumeno wa umeme akikata sponji za magodoro. Hapigi mstari wa chaki. Anaangalia bonge la sponji, anafumba jicho moja, anakata, na ukija na rula yako unaondoka nayo kimya. Hilo jina la Kiranja alipewa na wenzake kwa sababu kila kitu lazima aongoze yeye: wimbo, malalamiko kwa meneja, michango ya misiba. Mtu akipiga chafya mle chumbani, Kiranja anasema "Afya!" na watu thelathini wanafuatia.

Mimi nafanya kazi kiwanda hichohicho. Ni msimamizi wa usalama, yaani mitungi ya kuzimia moto ni yangu, sanduku la dawa ni langu, daftari la mahudhurio ni langu, na lawama zote ni zangu. Nikimwambia mtu afunge nywele zisinaswe na mashine, naambiwa najidai. Nimezoea.

Basi mwaka huu ikaja mashine mpya ya kupikia sponji, kubwa kuliko nyumba yangu, na ikaja na mtu wake. Tukamwita Injinia. Mtu mzima, mpole, masharubu yamechanwa vizuri, anakaa nayo mwaka mzima mpaka tuizoee. Tatizo ni moja: anajua Kihispania tu. Kiswahili chake kilikuwa "asante", nayo aliitumia kwa kila kitu, hata alipokanyagwa.

Meneja akaniita ofisini. "Huyu ndiye anayesimama penye joto. Moshi ukianza, yeye ndiye atakayeuona kwanza. Watu wote wa chumba cha kukatia lazima wajue anasema nini."

Nikamwambia, "Bosi, watu thelathini na wawili wajifunze lugha ya mtu mmoja? Si yeye ajifunze neno 'moto', tumalize?"

"Atajifunza. Lakini mtu akishtuka, analia kwa lugha aliyonyonya nayo. Siku hiyo Kiswahili chote kitamtoka."

Nikakaa na Injinia siku mbili, yeye na simu yake, mimi na kalamu, tukatoa sentensi kumi na mbili. Nikaziandika kwenye karatasi ya manila kwa wino mwekundu, na Kiswahili chake chini. Ya kwanza, *¡Fuego!*, moto. Ya pili, *¡Apaguen las máquinas!*, zimeni mashine. Ya nne ilikuwa *¡No corran!*, msikimbie, ya tano *¡Agáchense!*, inameni. Ya saba, ambayo itanitia kaburini, *¡No vuelvan a entrar!*, msirudi ndani. Na za mwisho mbili ni za kule nje, kwenye mti wa bendera tunapokusanyika: *¡Falta uno!*, mmoja hayupo, na *¡Estamos todos!*, tupo wote.

Lugha yenyewe haina shida. Vokali zao ni zetu, a ni a, u ni u, mdomo hauchoki. Siku ya tatu chumba kizima kilikuwa kinazijua, na aliyezijua kwanza kabisa ni Kiranja. Nilifurahi, nikampigia makofi mbele ya watu. Sikujua najipalia makaa.

Likaja zoezi la kwanza. Nilimpanga Injinia akae kwenye mashine yake, na saa nne kamili apige kelele. Meneja alikuwepo, saa mkononi. Saa nne ikafika. Injinia akajaza mapafu: "*¡Fuego!*"

Watu thelathini na mmoja wakajibu kwa nguvu zao zote: "*¡FUEGO!*"

Hakuna aliyenyanyua mguu. Misumeno inanguruma. Injinia akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Kiranja akaongoza: "*¡Apaguen las máquinas!*" Wote: "*¡APAGUEN LAS MÁQUINAS!*" Na hakuna aliyezima hata moja! Wakaenda hivyohivyo, sentensi kwa sentensi, mpaka ya kumi na mbili, tupo wote, na kweli walikuwepo wote, humohumo ndani, wamesimama wima. Halafu wakajipigia makofi.

Injinia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Asante," akasema.

Meneja alinitazama mimi, si wao. "Mkaguzi wa zimamoto anakuja baada ya wiki mbili. Watu watoke ndani ya dakika moja na nusu. Atakayebaki ndani, au atakayevunja utaratibu, haruhusiwi tena kufanya kazi kwenye kile chumba. Si amri yangu, ni yake. Sponji ikishika haikupi nafasi ya kutafuta viatu."

Wale wengine niliwaona watanyooka. Wakisoma manila, wakifikiri kidogo, wataelewa kwamba moto haujibiwi kama salamu. Kiranja ndiye aliyenikosesha raha, kwa sababu Kiranja hajui kusoma. Nyumbani tunalijua wote na hatulisemi. Barua ikija anasema macho yake yana ukungu, mmoja wetu anamsomea, basi. Manila yangu na wino wangu mwekundu kwake ilikuwa pambo la ukuta. Zile sentensi alizishika kwa sikio, moja hadi kumi na mbili, na ukimtaka ya tano lazima aanzie ya kwanza.

Nikaamua kumfundisha nyumbani. Tunakaa uwanja mmoja, mlango wake unatazama wangu, atanikimbilia wapi? Anaosha vyombo, namtokea nyuma: "Ya tano!"

Midomo inaanza kucheza. *Fuego*... *apaguen*... *dejen todo*...

"Wifi, nyumba imeshaungua!"

"Subiri nifike, si naja?"

"Moto nao unakusubiri?"

"Wewe unaniharakisha ndiyo maana napotea. Acha nianze upya."

Anaanza upya! Nilitamani kulia. Nikabadilisha. Nikamwambia, mimi nikisema *agáchense*, usijibu neno, inama. Nikasema. Akajibu, "*¡Agáchense!*" kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie dirishani, na akabaki amesimama wima na sufuria yake. Mara ya pili, vilevile. Mara ya kumi nikapandwa na hasira, nikainama mimi kumwonyesha, kiuno kikakwama, akaniinua huku anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti penye kizingiti anakunywa chai. Nikamwambia, "Sema na dada yako." Akasema, "Mimi simo," akageuza kiti.

Siku ya tano niliachia maneno ambayo sikuyapanga. Nilisema, "Hivi wewe una akili gani? Mtu anakwambia toka, wewe unamrudishia neno lake kama kasuku?"

Akaacha kucheka. Akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaniambia kwamba alisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba yao akamtoa ili alee wadogo zake, na mmoja wao ndiye huyu aliyegeuza kiti. Darasani walikuwa sabini. Mwalimu anasema, wao wanaitikia, na aliyekaa kimya anachapwa. "Mimi nilikuwa naitikia kuliko wote," akasema. "Ukiitikia kwa nguvu, hakuna anayejua kwamba hujui. Mpaka leo, wifi, mtu akisema jambo mdomo wangu unatangulia. Nifanyeje?"

Nilijisikia vibaya, na nilipojisikia vibaya nikakasirika zaidi, maana siku zilikuwa zimebaki nane na aibu yangu haimtoi mtu ndani ya jengo. Huyu mwanamke akitolewa mbele ya ule msumeno atakaa wapi? Hana mume, hana mtoto, ana jicho lake moja la kufumba na sponji zake zilizonyooka.

Asubuhi yake nikawaambia wote, "Haya, nimeshindwa. Itikieni. Pigeni kelele mpaka koo ziume. Lakini kila sentensi na kitendo chake. *Fuego*, geuka. *Apaguen*, mkono kwenye swichi. Ya tatu, acha ulichoshika. Kuanzia ya nne, miguu inakwenda. Anayetaka kuimba asimame aimbe na mkaguzi atamwandika."

Jamani! Kumbe ndiyo dawa. Kiranja anaongoza mbele, wenzake nyuma, wanainama kwenye ya tano, kwenye ya sita wanapinda mlango wa pili, ya saba inawakuta uani. Siku ya kwanza dakika mbili. Siku ya tatu dakika moja na sekunde ishirini. Pale kwenye bendera wanamalizia za mwisho zote kwa mkupuo, mmoja hayupo, tupo wote, kama wimbo uliokwisha, na mimi nasimama na daftari langu natikisa kichwa. Hayo ya kusema mmoja hayupo wakati wote wapo sikuyagusa. Nilisema nisichokoze.

Siku ya ukaguzi akaja mama mmoja mwembamba, sare imepigwa pasi, maneno machache. Akazunguka, akavuta mitungi yangu, akagusa milango. Kisha akaninong'oneza, "Njoo nikuulize kitu," akaniingiza stoo ya vitambaa, akanipokonya daftari la mahudhurio kutoka mkononi.

"Wewe umezimia," akasema. "Kaa hapo. Ukitoa sauti nimewafelisha wote." Akafunga mlango.

Nilikaa juu ya jora la kitambaa. Nilielewa palepale anataka nini. Anataka kuona kama watagundua kwamba mtu hayupo. Na mimi ndiye niliyewaachia waimbe za mwisho zote kwa mkupuo! Wakisema tupo wote, mimi nimekufa, na wote wamefeli. Nilijiita majina ambayo siwezi kuyaandika.

"*¡Fuego!*" Injinia huyo. Nikasikia wakiitikia, swichi zikilia ta-ta-ta, misumeno ikinyamaza. Miguu ikapita mlangoni pangu, haikimbii, safi. Sauti zikazunguka nyuma ya jengo zikanifikia kwa tundu la hewa lililo juu ya rafu. Ya tisa, umeumia. Ya kumi, hapumui. Ya kumi na moja: "*¡FALTA UNO!*"

Nikafumba macho. Wachache wakaanza, "*Estamos...*"

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya Kiranja. Kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia pale kazini. Yeye hana haja ya daftari, hata ningempa angelishika tu. Anahesabu vichwa anavyovijua. Kisha nikamsikia peke yake, hakuna anayemfuatia: "*¡Falta uno! ¡Falta uno!*" Na mara ya tatu Kihispania kikamwishia. "Wifi! Wifi yangu hayupo! Wifi yangu yuko wapi?"

Nilitabasamu mle gizani, mjinga mimi. Nikajua tumefaulu. Nilikuwa bado natabasamu niliposikia miguu. Inakimbia. Inakuja ndani.

"Asiwe yeye," nikasema. "Mungu wangu, asiwe yeye."

Alifungua mlango wa choo, akafungua kabati la mafagio, na kila mlango anaofungua anasema kwa pumzi iliyokatika, "*No vuelvan a entrar, no vuelvan a entrar.*" Akafungua stoo. Akanikuta nimekaa kitako.

"Toka!" nikamwambia. "Mimi nimezimia!"

"Umezimia na mdomo huo?" Akanikamata kola na kiuno akanivuta, na mkono wa mtu aliyeshika msumeno miaka ishirini na miwili hauna mjadala. Tukatoka uani viatu vyangu vimebaki ndani.

Mkaguzi alikuwa anaandika. "Wote nje kwa sekunde sabini na nane," akasema. "Vizuri sana. Aliyekosekana amegunduliwa bila daftari. Sijawahi kuona. Mtu mmoja amerudi ndani." Akafunga kalamu. "Mama, nimefanya kazi hii miaka mingi. Tukitoa maiti mbili kwenye jengo, ya pili mara nyingi ni ya aliyerudi kumfuata wa kwanza. Ya saba inasemaje?"

Kiranja hakuanzia ya kwanza. Midomo haikucheza kabisa. "*¡No vuelvan a entrar!*" akasema. "Msirudi ndani."

"Kumbe unaijua."

"Niliisema wakati naingia."

Watu wakacheka, hata Injinia, ambaye sidhani alielewa. Mkaguzi naye alikaribia kucheka. Kisha akauliza taratibu, na niliona anampa mlango wa kutokea: "Na ungekuwa moto wa kweli, mama, ungerudi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mkaguzi. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Sema hapana! Wewe, maisha yako yote umemjibu kila mwalimu kile anachotaka kusikia, mdomo wako unatangulia, haya sasa utangulie! Wenzake thelathini walishavuta pumzi kumsaidia kuitikia.

Kiranja aliniangalia mimi, miguu yangu mitupu, vumbi la stoo kwenye sketi yangu. Akafunga mdomo. Mkaguzi alisubiri, kwa kweli alisubiri sana. Halafu akafungua kalamu akaandika.

Sisi wengine tulifaulu.

Jioni nilimwakia jikoni kwake mpaka sauti ikanikauka. "Neno moja! Hapana! Hata kwa Kihispania ni herufi mbili! Ungelisema ungebaki na msumeno wako!"

Alikuwa anamenya viazi. Hakuninyanyulia macho. "Lile swali halikuwa la kuitikia, wifi."

"Lilikuwa la kuitikia! Alikuwa anakusaidia!"

"Basi angeuliza jingine."

Nikarudi kwangu nikalia, na mume wangu safari hii hakusema hayumo. Alikwenda kukaa na dada yake.

Sasa Kiranja yuko uani, anavisha magodoro nailoni. Anaichukia kazi ile. Msumeno wake amepewa mwingine, mtu mwema, anapiga mstari wa chaki na bado anapinda, na kila godoro lililopinda likifika kwake anasonya mpaka tunamsikia ndani. Nimekwenda kwa meneja mara tatu. Nimemwandikia mkaguzi. Najua mkaguzi ana haki na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kiti chake kiko karibu na mlango wa pili, na jioni watu wote wanapita mbele yake. Anawahesabu, hakuna aliyemtuma. Mimi natoka wa mwisho kwa sababu nafunga swichi na stoo, na nikitokeza tu anasema, "*Estamos todos*," anachukua mkoba wake, tunaondoka. Nimemwambia aache, watu wanamcheka. Nimemwambia mara ngapi!

Jana nilichelewa. Jora lilikuwa limeangukia mlangoni pa stoo nami nimo ndani, nikawa nalisukuma kwa bega huku natukana. Nikamsikia nje: "*Falta uno*."

"Nakuja!" nikapiga kelele. "Wifi, nakuja, usithubutu kuingia!"

Hakujibu. Yule ambaye mdomo wake unatangulia hakujibu. Nikasikia kiti kikisogezwa kwenye sakafu.

Niliacha funguo, nikaacha taa, nikaacha jora pale lilipo, nikapita juu yake na kukimbia chumba kizima ili anikute mlangoni. Ya nne inasema msikimbie.